Asilimia tisini ya nini?

Haya niliyasema Jumamosi jioni mbele ya wakazi wa mtaa wetu hapa Tanga mjini. Vijana walinirekodi kwa simu. Nimeyaandika kwa walioomba, nikipunguza kukohoa na kurudiarudia.

*

Assalaam aleikum. Tumsifu Yesu Kristo. Wazee wangu, shikamooni. Na nyie wanangu mliokaa juu ya bodaboda kule nyuma, sogeeni, viti vya mbele havina ushuru.

Mwenyekiti wa mtaa kanipa dakika ishirini nieleze Jiji linavyopanga mambo yake kwa mwaka, na hizi taarifa za maendeleo tunazosomewa zinasomwa vipi. Kabla sijakaa, yule bibi pale mwenye kanga ya bluu kanishikisha karatasi mbili za daftari. Nimezisoma nikiwa nimesimama chini ya mwembe. Bi mkubwa, karatasi zako ninazo mfukoni, tutazifikia.

Mnanijua kama mzee wa baiskeli. Wengine hamjui kwamba miaka mingi nilikuwa afisa mipango, nikihamishwa halmashauri hii na ile, mpaka nikastaafu nikarudi kwetu. Kazi yangu ilikuwa kuandika hizo taarifa. Ile sauti mnayoisikia, "utekelezaji umefikia asilimia tisini na mbili", ni sauti ya watu kama mimi. Kwa hiyo leo nikiwa mkali kidogo mjue najisema mwenyewe.

Nianze na kosa langu. Katika halmashauri moja, si hii, wananchi walijenga boma la zahanati kwa nguvu zao. Mchanga waliubeba kina mama kichwani, mawe walivunja vijana, ukuta ukafika kwenye renta. Tukawaambia Serikali itaezeka. Mwaka wa kwanza nikaandika kwenye taarifa: "Mradi unaendelea." Mwaka wa pili nikanakili: "Mradi unaendelea." Niliinakili sentensi hiyo miaka sita. Siku nilipokwenda kuagana na watu wa kata ile nikaingia ndani ya boma, nikakuta mwarobaini umeota katikati ya chumba cha kujifungulia, mrefu kunishinda. Kilichokuwa kinaendelea ni mti.

Na taarifa haikuwa na uongo wa kumfikisha mtu mahakamani. Asilimia yetu ilikuwa ya juu kila mwaka, kwa sababu tulihesabu semina zilizofanyika, vikao vilivyokaa, safari za ukaguzi zilizosafiriwa. Hivyo vyote vilitekelezwa. Boma lilikuwa mstari mmoja katikati ya mistari arobaini. Sasa mtu akija hapa akasema asilimia tisini, swali la kwanza liwe: tisini ya nini? Ya fedha zilizopangwa, au zilizopokelewa, au zilizotumika? Au ya kazi iliyokamilika, mtu akaingia akahudumiwa? Hivi ni vitu vinne. Halmashauri inaweza kupanga bilioni moja, ikapokea milioni mia tatu, ikatumia zote mia tatu, na anayetaka akaandika asilimia mia moja. Hajakudanganya. Wewe ndiye hukuuliza.

Mimi nikisoma taarifa ya mwaka siku hizi naanza na ya mwaka jana. Naziweka mbili kwenye meza, natafuta mradi uliotajwa mwaka jana na mwaka huu hautajwi. Huko ndiko kwenye habari.

Sasa tuje kwetu. Tanga imekuwa Jiji tangu 2005. Sensa ya 2012 ilituhesabu watu 273,332. Sensa ya 2022 ikatukuta zaidi ya 393,000. Kuna ule msemo wetu wa kujivunia, waja leo waondoka leo. Jamani, waja leo hawaondoki tena. Wamekuja na bandari, wamekuja na bomba la mafuta la kutoka Hoima, kilomita 1,443, mwisho wake hapo Chongoleani. Bandari yenyewe mnaijua: zamani meli ilitia nanga mbali, mizigo ikafuatwa na matishari. Leo kuna gati la mita 450 na kina cha mita 13, mradi wa shilingi bilioni 429.1, na meli kubwa inafunga gatini. Hayo ni maendeleo, nani atabisha? Lakini kila dereva wa lori, kila mama ntilie, kila fundi aliyefuata kazi, anakuja na watoto, na watoto wanataka dawati.

Nipigieni hesabu hii, ni ya kwangu ya kalamu na karatasi. Tumeongezeka watu kama 120,000 kwa miaka kumi, yaani kama 12,000 kila mwaka. Tuseme mmoja kati ya watano ni wa umri wa shule ya msingi. Hao ni watoto 2,400. Kwa kipimo cha Serikali cha wanafunzi 45 chumba kimoja, tunahitaji vyumba vipya 53 kila mwaka. Na hapo hatujapunguza msongamano hata wa mtoto mmoja, tumesimama tu tulipo. Mwaka 2021, zile fedha za UVIKO zilipokuja, chumba kilijengwa kwa milioni 20. Kwa bei hiyo ya zamani vyumba 53 ni zaidi ya bilioni moja, bila choo wala nyumba ya mwalimu. Saruji ya leo mnaijua bei yake.

Ndiyo maana akija kiongozi akasema "mwaka huu tumejenga madarasa 20", mimi napiga makofi, kisha nahesabu.

Hapa niingie kwenye jambo ambalo watu wengi wananigombeza nalo dukani. "Mzee, Jiji limefanya nini na ile barabara? Jiji mbona maji hayatoki? Jiji linakula kodi ya nyumba zetu." Ndugu zangu, mnapiga mlango usio wenyewe. Tangu 2017 barabara za mitaani ni za TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini. Ina meneja wake na bajeti yake, na sehemu ya fedha yake inatoka kwenye mafuta: tangu 2021 kila lita ya petroli na dizeli iliongezwa shilingi 100 kwa ajili hiyo. Yaani wewe kijana wa bodaboda unailipia barabara kila unapojaza tangi, una haki ya kuuliza, lakini kaulize panapohusika. Maji ni Tanga UWASA, mamlaka ya maji ya mji wetu, chini ya Wizara ya Maji. Na kodi ya jengo? Ile haipitii dirishani pa Jiji siku hizi. Inakatwa kwenye LUKU tangu Agosti 2021, unaponunua umeme. Ilianza shilingi 1,000 kwa mwezi nyumba ya kawaida, baadaye ikapandishwa ikawa 1,500. Nimemsikia mtu pale Mgandini akiapa hajawahi kulipa kodi ya jengo maishani. Kaka, umelipa, ila mita haikukuaga.

Jiji limebaki na nini? Limebaki na mengi: shule za msingi na sekondari, zahanati na vituo vya afya, masoko, stendi, taka, mipango ya viwanja, mikopo ya vikundi. Fedha zake mwenyewe ni ushuru wa masoko, leseni, vibali vya ujenzi, ada za stendi, na ule ushuru wa huduma unaotozwa kampuni kwa mauzo yake. Kingine kikubwa, mishahara ya walimu na waganga, kinatoka Hazina. Ukiyajua haya, mkutano wa mtaa unakuwa mfupi kwa saa nzima, maana nusu ya kelele zetu huwa tunampigia mtu asiye na funguo.

Sisemi utaratibu huu ni mzuri. Kwa maoni yangu mwananchi hapaswi kuwa na ramani ya ofisi nne ndipo mtaro uzibuliwe. TARURA akichonga barabara na UWASA akaja mwezi unaofuata kuichimba apitishe bomba, anayekula vumbi ni mmoja. Katiba yetu, ibara ya 146, inasema serikali za mitaa zipo ili kupeleka madaraka kwa wananchi. Wazee mlio hapa mnakumbuka 1972 halmashauri zilipofutwa, ikaja Madaraka Mikoani. Miji ilivyochakaa miaka ile! Mwaka 1978 ikabidi halmashauri za miji zirudishwe, na 1982 zikatungiwa sheria tunazozitumia mpaka leo. Somo hilo tulilipia. Sasa kila tunapoinyofoa halmashauri kazi moja, kisha chanzo kimoja cha mapato, mimi mzee natikisa kichwa. Wenye hoja tofauti wapo na hoja zao nazijua: halmashauri nyingi zilishindwa kukusanya, nyingine zilikusanya zikala. Ni kweli. Nilikuwamo.

Kwenye maji nataka nikae kidogo, kwa sababu hapo Tanga imefanya jambo ambalo miji mingine inakuja kulitazama. Maji yetu yanatoka Mto Zigi, unaoteremka kutoka Usambara Mashariki, yanakusanywa bwawa la Mabayani, yanatibiwa Mowe, ndipo yanafika kwako. Mji ulipokua, mtambo na mabomba vikaelemewa. Njia tuliyoizoea ni kuandika barua wizarani na kungoja. Mwaka 2024 Tanga UWASA ikatoa hatifungani ya kijani: ikawaambia watu na taasisi, tukopesheni shilingi bilioni 53.12 kwa miaka kumi, tutawalipa riba ya asilimia 13.5 kwa mwaka. Watu wakanunua mpaka ikapita kiasi kilichoombwa, na hatifungani ikaorodheshwa Soko la Hisa la Dar es Salaam.

Nieleze kwa lugha ya nyumbani. Umekopa ili ununue cherehani, unamlipa aliyekukopesha kwa nguo utakazoshona. Ukikopa ukala pilau, mwezi ujao unajificha. UWASA imekopa cherehani. Itarudisha deni kwa bili zenu. Kwa hiyo ninyi ndio dhamana. Sasa fikirini linalofuata: bomba linalovuja barabarani wiki mbili halilipiwi na mtu yeyote, na mita iliyochezewa ni hivyo hivyo. Riba lakini haingoji. Taarifa ya maji ya mwaka ikisomwa, msiishie kuuliza wateja wapya ni wangapi. Ulizeni maji mangapi yalitoka Mowe na mangapi yalilipiwa. Tofauti ya hizo namba mbili ndiyo afya ya mkopo wetu.

Na Mto Zigi wenyewe una wenyewe. Kule juu kuna wakulima wa iliki na karafuu na mahindi, wanalima kandokando ya vijito. Wakilima mpaka ukingoni, udongo unashuka Mabayani, bwawa linajaa matope, na dawa ya kusafishia inaongezeka. Mkulima wa Muheza na muuza juisi wa Barabara ya 12 wanakunywa kikombe kimoja. Mipango ya Jiji inaishia kwenye mpaka wa Jiji, maji hayajui mpaka. Hilo tu nimelisema, tuendelee, naona mwenyekiti anatazama saa.

Mnapanga lini? Hapa ndipo wengi tunapoachwa na gari. Mwaka wa fedha unaanza Julai mosi, kwa hiyo mtu anadhani Juni ndio wakati wa kudai. Juni umechelewa mno. Bajeti ya Julai inaanza kupikwa mwaka unaotangulia, kuanzia Septemba, Oktoba. Mtaa unakaa, unataja vipaumbele. Vinapanda Kamati ya Maendeleo ya Kata, ile mnayoiita WDC. Kata zinapeleka halmashauri. Mwongozo wa bajeti unatoka Serikali Kuu, na ndani yake mna kitu kinaitwa ukomo. Ukomo ni kama sahani: hata chakula kikiwa kingi jikoni, unapakua kinachoenea. Wataalamu wanakata, madiwani wanapitisha Januari au Februari, mkoa unatazama, TAMISEMI, wizara inayosimamia serikali za mitaa, inapokea, Bunge linaanza kujadili Aprili. Aprili ukija na ombi lako, ni kama mtu aliyefika harusini wakati wanakunja mikeka.

Dirisha letu basi ni hili la sasa, mpaka mwisho wa mwaka. Na niwape siri ya meza ya afisa mipango, maana nimekaa nyuma yake. Maombi yanafika mengi. "Tunaomba barabara." "Tunaomba kituo cha afya." Kila kata inaomba kituo cha afya, na kituo kimoja kimekuwa kikipangiwa milioni 500. Ombi la aina hiyo linaingia kwenye orodha na orodha inaingia kabatini. Lakini likija ombi lenye vipimo, mahali panapojulikana, kiwanja kisicho na mgogoro, idadi ya kaya, na mchango ambao wananchi tayari wameweka, afisa mvivu kuliko wote atalichukua. Si kwa mapenzi. Atalichukua kwa sababu limempunguzia kazi. Nawaambia kweli, miradi mingi niliyoipitisha ilipita kwa sababu ilikuwa rahisi kuiandika.

Kuna ile mbinu ya kupanga kwa ushirikishwaji, Fursa na Vikwazo, O&OD, ipo tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000. Kwenye karatasi ni nzuri ajabu. Nilivyoiona kwenye halmashauri nilizopita, mara nyingi tulikwenda kwenye mtaa asubuhi, kina mama wako sokoni, vijana wako kazini, tukawakuta wazee sita na mwenyekiti. Tukajaza fomu: "wananchi wameshirikishwa." Kisha mwaka mzima tunashangaa kwa nini soko halina choo cha wanawake. Mkutano huu mmeuweka jioni, na nawaona kina mama wa samaki wa Deep Sea wamekuja na ndoo zao. Huo ndio ushirikishwaji. Harufu nitaivumilia.

Kuhusu mikopo ya asilimia kumi nitakuwa mfupi, maana ofisi ya maendeleo ya jamii wataeleza wiki ijayo. Sheria inataka asilimia kumi ya mapato ya ndani yaende kwa vikundi bila riba: nne wanawake, nne vijana, mbili wenye ulemavu. Mwaka 2023 ilisimamishwa nchi nzima baada ya madudu kuonekana, vikundi hewa na marejesho yasiyorudi, kisha mwaka uliofuata ikarudi na kanuni mpya. Neno langu ni hili tu. Taarifa ya mwaka itakuambia milioni ngapi zimekopeshwa. Uliza ngapi zimerudi. Zisiporudi, kikundi cha binti yako hakitapata mwakani, na aliyekula si Jiji, ni jirani yako unayemjua kwa jina.

Kuhusu ukaguzi, ripoti ya CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za Serikali, hukabidhiwa kwa Rais Machi na hufika bungeni Aprili. Kila mtu anaweza kuisoma kwenye simu. Vijana mnaosoma matokeo ya mechi za Ulaya mpaka kona zilizopigwa, kurasa zinazohusu halmashauri hazizidi hizo kwa ugumu. Tafuteni neno "Tanga", anzeni hapo.

Nilitaka niseme pia habari ya viwanja na watu wanaojenga kwenye mikondo ya maji, lakini dakika zangu zimekwisha, na hilo jambo likianza hatulali. Nirudi kwenye karatasi za bi mkubwa.

Nimewaambia nimezisoma chini ya mwembe. Zinahusu mtaro unaopita nyuma ya msikiti. Bibi huyu hakuandika "tunaomba mtaro". Kaandika mtaro unaanzia nyumba gani na unaishia wapi. Kapima urefu kwa hatua zake mwenyewe, kisha kamtuma mjukuu akapime kwa kamba ya fundi, na kaandika vipimo vyote viwili kwa sababu havikufanana. Kahesabu nyumba zilizoingiwa na maji masika iliyopita: 31. Kaandika ngapi zina wagonjwa wa kitandani. Pembeni kachora mahali ambapo kalavati imezibwa na kifusi cha mtu aliyejenga, na jina la mtu huyo hakuliandika, kaandika "tutaongea naye". Chini kabisa kaandika kaya 19 ziko tayari kutoa siku mbili za kazi, na majina yake yapo.

Kilichokosekana ni kimoja: kujua kama mtaro ule ni wa TARURA, kwa kuwa uko kandokando ya barabara, au ni wa Jiji. Hata mimi sikuwa na hakika, nikamuuliza mtendaji, naye kasema atatupatia jibu Jumatatu. Mtendaji, uko hapo? Haya, wamekusikia watu wote.

WDC inakaa wiki mbili zijazo. Karatasi hizi hazistahili kusomwa na mimi, mwandiko ni wako na miguu iliyopima ni yako. Bi mkubwa, njoo. Mpisheni apite. Wewe kijana, mshushie bibi hicho kipaza sauti, yeye si mrefu kama mimi.